Marehemu Dakta Omar Ali Juma na Kiti Kipya

Wananchi wengi walikumbuka jina la marehemu Dakta Omar Ali Juma. Wachache hukumbuka kuwa kiti alichokikalia kilikuwa kipya, na kwamba kilizuliwa kwa mabishano makali ya Katiba.

Alizaliwa Pemba mwaka 1941, akasomea utabibu wa mifugo. Mwaka 1988 Rais Idris Abdul Wakil alipomwondoa Maalim Seif Sharif Hamad katika cheo cha Waziri Kiongozi, yeye ndiye aliyeitwa kukishika. Mpemba akampokea Mpemba, tena katika siku za fitina. Akadumu humo miaka saba.

Tangu Muungano wa Aprili 1964, Rais wa Zanzibar alikuwa kwa cheo chake Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Katika enzi ya chama kimoja jambo hilo halikuleta shida. Lakini vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, likazuka swali: itakuwaje Zanzibar ikichagua Rais wa chama hiki, na Muungano ukachagua wa chama kile? Wamarekani walilionja balaa hilo mapema. Mwaka 1796 John Adams alishinda, na sheria ikampa umakamu Thomas Jefferson, mpinzani wake, kwa kuwa alikuwa wa pili kwa kura. Waliirekebisha Katiba yao mwaka 1804.

Sisi tulirekebisha kabla maji hayajafika shingoni. Marekebisho ya 11, ya mwaka 1994, yalileta mgombea mwenza: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, mwenzake sharti atoke upande wa pili, na mpiga kura huwachagua wote wawili kwa kura moja. Rais wa Zanzibar akabakiwa na ujumbe wa Baraza la Mawaziri. Hoja ilikuwa na nguvu, nasi twaikubali. Hata hivyo manung'uniko ya Wazanzibari hayakuwa ya bure. Cheo kilichokuwa haki ya Zanzibar kwa miaka 30 kiligeuka kuwa cha mtu aliyeteuliwa na chama, na fidia ya upungufu huo haikutajwa.

Novemba 1995 Dakta Omar aliingia katika kiti hicho pamoja na Rais Benjamin Mkapa. Mwezi uliotangulia Pemba ilikipa chama cha CUF majimbo yote 21 ya Baraza la Wawakilishi. Basi Makamu wa kwanza wa utaratibu mpya alitoka katika kisiwa kilichokikataa chama chake. Akachaguliwa tena mwaka 2000. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Pemba, na maelfu wakakimbilia Shimoni, Kenya. Uzito wa kiti kile kwa mwana wa Pemba, siku zile, si rahisi kuupima.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 4 Julai 2001, akazikwa Wawi. Muafaka wa tarehe 10 Oktoba hakuuona.

Katiba ikajaribiwa mara ya kwanza: Rais alipendekeza jina, Bunge likathibitisha, na Dakta Ali Mohamed Shein, naye Mpemba, akaapishwa Julai hiyo hiyo. Jaribio kubwa zaidi lilikuja Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki na Makamu wake, Samia Suluhu Hassan wa Zanzibar, akashika urais bila uchaguzi mwingine. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilitaka kumrudishia Rais wa Zanzibar umakamu, awe Makamu wa Pili. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.