Mtoto wa Pumu Aliyejijenga Kifua Roshanini

Tarehe 21 Aprili mwaka 1909, masika yakiwa yamekaza, meli ya Kijerumani iliyoitwa Admiral iliingia bandari ya Mombasa. Zama hizo bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja ndiyo iliyokuwa ikipepea mwambao huu, na Ngomeni palikuwa jela. Miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo mzungu wa miaka 50, mpana wa kifua, mwenye masharubu na miwani ya duara. Huyo ndiye Theodore Roosevelt, ambaye wiki saba tu kabla ya siku hiyo alikuwa bado Rais wa Marekani. Msomaji asimchanganye na Franklin Roosevelt wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wawili hao walikuwa jamaa, lakini huyu wetu ndiye aliyetangulia, naye alikuwa rais wa 26 wa nchi ile.

Alikuja kuwinda. Kesho yake alipanda gari moshi kwenda bara, akakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili asipitwe na kitu. Hata alipomaliza safari yake, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wamewapiga risasi wanyama 512. Mambo hayo yameandikwa sana na sina haja ya kumfuata huko porini. Mimi nataka turudi nyuma, kwa sababu kile kifua kipana kilichoshuka Mombasa mwenyewe hakuzaliwa nacho. Alikitengeneza kidogo kidogo nyumbani kwao, na hiyo ndiyo habari iliyonikalia moyoni mwaka huu.

Sababu yake nitaisema wazi. Mwaka jana tabibu mmoja alinipima akaniambia kwamba sukari yangu imepanda na mwili wangu umelala. Akanishauri nifanye mazoezi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kalamu, si mchukuzi wa bandarini, na tangu chuoni nimezoea kukaa kitako juu ya mkeka. Kwenye majumba ya mazoezi hulipwa kila mwezi, na isitoshe, kwa umri wangu huu naona haya kuvaa kaptura mbele ya wajukuu wa watu. Basi nikawa natafuta mtu aliyefanya kazi hiyo nyumbani mwake, bila ya tamasha, nikaangukia kwa huyu Roosevelt.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya matajiri iliyokuwa Barabara ya 20 upande wa mashariki. Mali haikumfaa kitu kwa ugonjwa aliokuwa nao. Alikuwa na pumu, na pumu ya wakati huo haikuwa na dawa ya kuvuta kwa mdomo kama hii tunayoiona leo mikononi mwa watoto wetu. Matabibu walimnywesha kahawa nyeusi kali, na walifika hadi ya kumvutisha mtoto mdogo sigara nene ya tumbaku, ati imfungue pumzi. Alilala kwa kukalishwa, mito imemzunguka. Usiku ukizidi, baba yake humbeba begani akatembea naye chumbani huku na huku, na mara nyengine akaamrisha farasi wafungwe garini, wakapita mbio katika barabara zilizolala ili upepo uingie katika mapafu ya mwanawe. Aliye na mtoto wa pumu nyumbani anaujua usiku wa namna hiyo, na sina haja ya kumsimulia.

Mtoto alikuwa mwepesi wa akili. Alisoma kila alichokishika, akakusanya ndege na panya waliokufa, akawakausha na kuwaandikia majina. Lakini mikono ilikuwa kama vijiti. Hata ilipofika mwaka 1870, naye anakaribia miaka 12, baba yake alimweka mbele yake akamweleza kwamba akili anayo, ila mwili hana, na akili bila ya mwili haitamfikisha pale inapoweza kufika. Akamwambia kuufanya mwili ni kazi ngumu ya kuchosha, lakini ana hakika ataiweza. Mtoto alikubali palepale kwamba ataufanya mwili wake.

Wangapi wetu tumeahidi hivyo? Mimi nimeahidi baada ya kila Idi. Tofauti ya mtoto yule ni kwamba kesho yake alianza. Kwanza mama yake alimpeleka kwenye nyumba ya mazoezi ya bwana mmoja aitwaye Wood, akawa anamkalia kitini akimtazama anavyovuta vyuma na kamba. Baadaye baba akaona ni bora mambo yahamie nyumbani. Nyuma ya nyumba yao, ghorofa ya juu, palikuwa na roshani pana iliyoelekea bustani. Akaijaza ala za mazoezi: vyuma vya kuning'inia, vyuma viwili sambamba vya kujinyanyulia kwa mikono, na vitu vya kunyanyua. Dada yake Corinne aliandika baadaye kwamba kumbukumbu yake kubwa ya miaka ile ni kumwona kaka yake katikati ya vyuma vile, akijinyanyua na kujishusha siku baada ya siku, akikipanua kifua chake kwa harakati ileile moja isiyopendeza kuitazama.

Neno hilo la kutopendeza ndilo lililonivuta. Roshanini hapakuwa na mshindani wala kikombe, wala mtu wa kumpigia makofi. Alikuwa akishindana na kifua chake cha jana. Na wala pumu haikuondoka mbio kama wasemavyo wauza dawa. Iliendelea kumshika kwa miaka, mara ikipoa, mara ikirejea, naye akirudi kwenye vyuma vyake kila anapopata pumzi.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 1872 alipelekwa peke yake safari ya kwenda ziwa Moosehead, katika jimbo la Maine, apate hewa baada ya pumu kumshika. Ndani ya gari la farasi akakutana na wavulana wawili wa rika lake wakamfanyia stihizai. Alipotaka kupigana nao, aligundua kwamba hata mmoja wao peke yake anammudu bila ya taabu, tena bila ya kumuumiza, kama mtu anayemshika paka. Aibu ile ilimkaa. Aliporudi alimwomba baba yake ruhusa ya kufundishwa ngumi, akapelekwa kwa bondia mstaafu aliyeitwa John Long. Kwa kukiri kwake mwenyewe alikuwa mwanafunzi mzito, na ilichukua muda mrefu kabla hajaonesha dalili yoyote ya kujua. Siku moja katika mashindano madogo ya wanafunzi akabahatika kushinda kikombe cha bati, thamani yake senti 50 hivi, na kikombe hicho alikithamini miaka mingi kuliko vitu vya dhahabu.

Aila ilipohamia nyumba mpya Barabara ya 57, baba yake alitenga nafasi ya mazoezi ghorofa ya juu kabisa. Na hapo ndipo kijana alipoanza jambo ambalo mimi naliona ni la maana kushinda hata vile vyuma: aliandika. Alikuwa na daftari, akinakili humo mbio alizokimbia na nduguye na binamu zake, kuruka kwao, mieleka yao, nani kashinda. Mwezi wa Novemba 1875, naye ana miaka 17, alijipima mwili mzima akauandika: kifua inchi 34, uzito ratili 124, yaani kilo 56 hivi. Si mwili wa pahalwani huo. Lakini palikuwa na cha kupimia, na mtu mwenye cha kupimia hawezi kujidanganya.

Mwaka 1876 aliingia chuo kikuu cha Harvard, na mwaka 1879 alipigana ngumi hadi duru ya mwisho ya uzito mwepesi, akapigwa vibaya. Baba yake hakuyaona hayo. Alikwisha kufariki Februari 1878, ana miaka 46 tu. Kisha, mwaka 1880, kijana akikaribia kumaliza masomo, tabibu wa chuo, Dokta Dudley Sargent, alimsikiliza moyo akamwambia una kasoro, na kwamba achague kazi ya kukaa na asithubutu hata kupanda ngazi mbio. Roosevelt alimjibu kwamba atayafanya yote aliyokatazwa, kwani maisha ya namna ile hayataki hata yakiwa marefu. Mwaka uliofuata, akiwa fungate Ulaya, aliupanda mlima Matterhorn wenye mita 4,478.

Hapa nasimama kidogo. Tabibu yule alikosea au hakukosea, mimi sijui moyo wa mtu, na simshauri msomaji wa miaka 50 mwenye presha amuige. Mimi nilimrudia daktari wangu nikamwuliza ngazi ngapi, naye akanipa idadi. Ukaidi wa Roosevelt una uzuri wake ukiusoma kitabuni, lakini ndio uliokuja kumgharimu.

Maana hakujua pa kusimama. Mama yake na mke wake walifariki siku moja, nyumba moja, tarehe 14 Februari 1884, naye akakimbilia Dakota kuchunga ng'ombe, huko jua, baridi na kazi vikauimarisha mwili wake moja kwa moja. Alipokuwa rais, mwaka 1901, baada ya McKinley kuuawa, aliyapeleka mazoezi ndani ya Ikulu. Alipigana ngumi na maofisa vijana. Mwaka 1904 alimwita mwalimu wa Kijapani Yamashita, akajifunza judo mara kadhaa kwa wiki. Aliwachukua mabalozi kwenye matembezi ya kwenda mstari mmoja, mwamba ukitokea unapandwa, mto ukitokea unavukwa, hapana kuzunguka. Na katika ngumi hizo za Ikulu afisa mmoja kijana alimpiga jicho la kushoto, nuru ikafifia, na mwisho likapofuka kabisa. Alificha jambo hilo miaka mingi, na jina la kijana hakulitaja ili asije akaona vibaya. Hiyo ni murua, sikatai. Lakini jicho lilikwenda, na kwa mchezo.

Changamoto yake iliyo maarufu zaidi ilikuwa ya mwisho wa urais. Aliona maofisa wa jeshi wamenenepa maofisini, akaamuru wapimwe: kwa miguu maili 50, yaani kilomita 80, katika siku tatu, au masafa marefu zaidi kwa farasi. Maofisa wakanung'unika. Basi tarehe 13 Januari 1909, kabla ya alfajiri, rais mwenyewe alipanda farasi Washington na wenziwe watatu, wakaenda hadi mji wa Warrenton, Virginia, wakarudi siku ileile katika giza na mvua ya barafu. Jumla ilikaribia maili 100, ndiyo kama kutoka Mombasa hadi Voi, naye ana miaka 50. Manung'uniko yakakoma. Amri ile ilikuja kufukuliwa wakati wa Rais Kennedy, na Februari 1963 Wamarekani kwa maelfu wakatoka kujaribu zile maili 50. Nduguye rais, Robert Kennedy, alizitembea katika barafu na viatu vya ofisini.

Huyo ndiye aliyetufikia Mombasa miezi mitatu baada ya safari ile ya farasi. Hata hivyo uzito ulikwisha kumshinda kidogo, umepita ratili 200, na magazeti ya kwao yakaokota Kiswahili chetu yakamwita Bwana Tumbo. Nilipolisoma jina hilo nilicheka, kisha nikajitazama.

Lakini kuna jambo haliniruhusu kumsifu nikapita. Alipotoka huku aliteremka na mto Nile mpaka Misri, na tarehe 28 Machi 1910 alihutubia Chuo Kikuu cha Cairo. Wamisri walikuwa chini ya Waingereza, wakidai nchi yao. Yeye akawaeleza kwamba watu hawawi tayari kujitawala kwa siku moja, bali kwa vizazi, na akapamba maneno yake kwa methali ya Kiarabu kwamba Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Vijana waliandamana kumlaani, na walikuwa na haki. Sisi tuliofunzwa subira na walimu wetu chuoni, tangu hatujajua kuandika, tunajua kwamba subira si kumngojea anayekukalia kifuani aondoke akipenda. Na ajabu, mtu wa kulijua hilo alikuwa ni yeye. Pumu ilimkalia kifuani na hakuingojea. Aliisubiria kwa kuvuta vyuma kila siku.

Kwa hivyo namgawa mtu huyu. Bunduki zake na hotuba ya Cairo namwachia mwenyewe. Roshani naichukua.

Miaka yake ya mwisho mwili ulimdai. Mwaka 1914, katika mto mmoja wa Brazil usiokuwa ukijulikana, homa na donda la mguu nusura vimuue, akarudi kakonda, na hakuwa tena yule wa zamani. Julai 1918 mwanawe mdogo Quentin aliuawa vitani angani Ufaransa. Tarehe 6 Januari 1919 Theodore Roosevelt alifariki usingizini nyumbani kwake Oyster Bay, ana miaka 60.

Nyumba ya Barabara ya 20 ilivunjwa mwaka 1916, kisha ikajengwa upya kwa mfano wa ile ya kwanza, na tangu 1923 watu huingia kuitazama. Nyumba yetu hapa Mji wa Kale ina roshani nyembamba yenye kamba ya nguo, na ngazi 19 za mbao. Baada ya sala ya alfajiri, kabla barabara haijajaa pikipiki, mimi huzipanda na kuzishuka. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiishia mara 4, nikishika ukuta. Daftari lipo juu ya dirisha, na kalamu imefungwa uzi ili wajukuu wasiichukue. Leo nimeandika 11.