Nahodha John Newton, Mtunzi wa Neema ya Ajabu



Tulipokuwa tukichagua nyimbo za jubilii hii, wimbo mmoja ulituletea mjadala mrefu kuliko nyingine zote. Mwenzetu mmoja wa sauti ya besi aliuliza kama inafaa sisi, watu wa pwani hii ambako watumwa walipakiwa majahazini, kusimama madhabahuni na kuimba wimbo wa mtu aliyewauza Waafrika. Wengine wetu hata hatukuijua habari hiyo. Mazoezi yalisimama jioni ile. Ndipo tukaonelea tuandike maisha ya John Newton katika kijitabu hiki, ili kila atakayefungua kinywa leo ajue anaimba wimbo wa nani.

Alizaliwa London mwaka wa 1725, katika mtaa wa Wapping kando ya mto Thames. Baba yake alikuwa nahodha. Mama yake alimfundisha Maandiko na nyimbo za ibada, lakini alifariki kwa kifua kikuu kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Alipofika miaka 11 alianza kusafiri baharini na baba yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1742 alitembelea familia ya marafiki wa marehemu mama yake huko Chatham, katika jimbo la Kent. Akamwona binti yao Mary, ambaye walimwita Polly. Newton alikuwa na miaka 17, na Polly hajafika 14. Alikaa kule makusudi mpaka merikebu iliyokuwa impeleke Jamaika ikaondoka bila yeye. Mapenzi yale hayakumtoka tena.

Siku hizo jeshi la maji la Uingereza liliruhusiwa kuwakamata mabaharia na kuwatia manowarini kwa nguvu. Ndivyo Newton alivyoingia jeshini mwaka wa 1744, katika manowari iliyoitwa Harwich. Baba yake alimwombea cheo akawa afisa mdogo, lakini alitoroka, akakamatwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kuvuliwa cheo. Mwaka uliofuata alihamishiwa merikebu ya watumwa iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi. Huko, katika visiwa vya Plantain vya Sierra Leone, alimtumikia Mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa. Akaugua, akanyimwa chakula, akadhalilika kabisa, hata watumwa waliofungwa minyororo wakawa wanamgawia kwa siri kile kidogo walichopewa. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana Newton mwenyewe alichukua miaka mingi kulitendea haki.

Baba yake aliomba atafutwe, na merikebu moja ikampata. Wakiwa njiani kurudi, usiku wa Machi mwaka wa 1748, tufani iliwapata katika Atlantiki na maji yakaingia ndani. Newton alisukuma pampu tangu saa tisa usiku hadi adhuhuri, kisha akashika usukani hadi karibu usiku wa manane. Akiwa hapo alimlilia Mungu ambaye alikuwa akimdhihaki kwa miaka. Baada ya wiki nne hivi merikebu ilifika Ireland ikiwa imechakaa. Siku ile aliiadhimisha kila mwaka hadi kufa kwake.

Mahubiri mengi humalizia hapo, na sisi pia tulidhani hadithi iliishia hapo. Haikuishia hapo. Baada ya kuokoka katika tufani alirudi Afrika kununua watu. Alimwoa Polly mwaka wa 1750, na kati ya mwaka huo na 1754 aliongoza safari tatu za watumwa akiwa nahodha. Jumapili aliwasalisha mabaharia wake juu ya sitaha, na chini ya mbao zile walikuwamo wanaume waliofungwa pingu wawili wawili. Daftari lake la safari linaonyesha kwamba aliwabana vijana vidole kwa chuma ili wakiri njama ya uasi. Usiku aliketi kumwandikia mkewe barua ndefu za mapenzi. Mtu aliyelia kwa kutenganishwa na mke wake alikuwa akitenganisha waume na wake za watu. Hapo ndipo mwenzetu wa besi alipotikisa kichwa, na hatuna neno la kumjibu.

Aliacha bahari mwaka wa 1754 baada ya kuanguka ghafla kwa ugonjwa, wala si kwa sababu ya toba. Alifanya kazi ya forodha Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, akaomba kuwa kasisi na kungoja miaka mpaka alipowekwa wakfu mwaka wa 1764 na kupelekwa Olney, mji mdogo wa mafundi wa kufuma lesi. Kwa ajili ya watu hao alitunga nyimbo. Neema ya Ajabu aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773, kutoka sala ya Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati 17. Mwaka wa 1779 yeye na rafiki yake William Cowper walitoa kitabu cha nyimbo 348, nyingi zikiwa zake. Tuni tunayoijua ilikuja baadaye, mwaka wa 1835, kule Marekani.

Yeye na Polly hawakujaliwa mtoto. Walilea mabinti wawili yatima wa ndugu za Polly, Betsy na Eliza. Eliza alifariki akiwa na miaka 14 tu.

Mwaka wa 1788, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, ndipo alipochapisha kijitabu akieleza aliyoyaona na kuyafanya, na kukiri aibu yake waziwazi. Alitoa ushahidi mbele ya Bunge. Alimtia moyo William Wilberforce asiache siasa. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha makasisi ambacho kutoka kwacho kilizaliwa chama cha wamishonari cha CMS mwaka wa 1799. Chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf Mombasa mwaka wa 1844, na ndicho kilichoanzisha Freretown mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kila apitaye Kengeleni huiona kengele yao.

Polly alifariki mwaka wa 1790, na Newton mwenyewe akahubiri katika ibada ya kumkumbuka. Betsy alipopatwa na ugonjwa wa akili na kulazwa, mzee huyo ambaye macho yalikuwa yamefifia aliongozwa kila siku hadi nje ya hospitali ili ampungie mkono dirishani, kisha akamwuliza aliyemshika mkono kama Betsy amejibu. Betsy alipona, akaolewa, na ndiye aliyemtunza hadi mwisho. Newton alifariki tarehe 21 Desemba 1807 akiwa na miaka 82, miezi michache baada ya Bunge kupiga marufuku biashara ya watumwa.

Ubeti wa mwisho unaoimbwa kwa Kiingereza, ule wa miaka elfu kumi, si wake. Mwaka wa 1852 Harriet Beecher Stowe aliuweka katika riwaya yake, kinywani mwa mtumwa aitwaye Tom. Leo mwenzetu wa besi ndiye atakayeanzisha ubeti huo peke yake, kwa ombi lake mwenyewe, kisha kwaya nzima itaingia. Kusanyiko litasimama.