Burt Munro: Mzee aliyeisuka upya pikipiki ya 1920 hadi ikavunja rekodi

UKIPANDA kutoka Mombo hadi Soni, kisha ukaendelea kuelekea Bumbuli na Mponde, wilayani Lushoto, utaona jinsi milima ya Usambara isivyoihurumia injini ya pikipiki. Miinuko mikali, vumbi la kiangazi na tope la masika huila ringi na pistoni kabla ya siku zake, na fundi hulazimika kuifungua injini ile ile mara kadhaa.

Fundi wa namna hiyo ana ndugu wa kazi ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake. Ni Burt Munro, raia wa New Zealand aliyefariki dunia Januari 6, mwaka 1978. Kwa zaidi ya miaka 40 aliisuka na kuisuka upya injini moja, akiwa nyumbani kwake, kwa zana ambazo mafundi wengi wangezitupa.

Herbert James Munro alizaliwa Machi 25, mwaka 1899, katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Walizaliwa pacha, lakini dada yake alifariki wakati wa kuzaliwa. Madaktari waliwaonya wazazi kwamba hata mtoto aliyebaki asingetimiza miaka miwili. Alikulia shambani Edendale, mashariki mwa mji huo, na ubashiri wa madaktari haukutimia.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout iliyotengenezwa Marekani. Ilikuwa na silinda mbili zenye ujazo wa sentimita za ujazo 600, na iliundwa kwenda mwendo usiozidi kilomita 89 kwa saa. Kwa barabara za enzi hizo, mwendo huo uliwatosha watu wengi. Haukumtosha Munro.

Kuanzia mwaka 1926 alianza kuibadilisha. Fedha hakuwa nazo. Mchana alifanya kazi ya kuuza pikipiki, na usiku alijifungia karakanani, mara nyingine hadi alfajiri. Kile alichoshindwa kukinunua alikitengeneza mwenyewe.

Pistoni alizisubu kwa kuyeyusha chuma chakavu na kukimimina katika kalibu alizotengeneza kwa makopo ya zamani. Mabomba ya gesi yaliyotupwa aliyakata na kuyageuza kuwa silinda. Vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki alivichonga kwa mkono kutoka katika ekseli ya trekta. Spoku kuukuu ya gurudumu ndiyo iliyokuwa kipimo chake cha mambo madogo madogo.

Badiliko kubwa lilikuwa katika valvu. Injini ya Scout ilitoka kiwandani ikiwa na valvu ubavuni mwa silinda, mpango rahisi kuutunza lakini unaozuia mchanganyiko wa hewa na petroli kuingia kwa wingi. Munro alizihamishia juu ya silinda, ili injini ivute pumzi kwa urahisi na kutoa nguvu zaidi. Hatua kwa hatua aliupanua pia ujazo wake hadi ukafikia sentimita za ujazo 950.

Kila nguvu iliyoongezeka ilidai malipo. Pistoni zilipasuka, vyuma vilikatika na silinda zikaharibika. Munro hakuvitupa vipande hivyo. Alivipanga kwenye rafu karakanani na kuviandikia kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Rafu hiyo ilikuwa pia daftari lake, kwani kila kipande kilimwonyesha mahali chuma kiliposhindwa, na kilichofuata kilitengenezwa kwa kujua hivyo.

Malipo mengine hayakuwekwa rafuni. Munro alifunga ndoa mwaka 1927 na kujaliwa watoto wanne, lakini ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1947. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 aliacha kazi ya mshahara na kuhamishia maisha yake karakanani, akilala palepale zilipokuwa pikipiki zake mbili, Indian na Velocette. Mwishoni mwa miaka ya 1950 moyo nao ulianza kumsumbua.

Wakati wengine wa rika lake walikuwa wakipumzika, yeye alielekea Bonneville, katika jimbo la Utah nchini Marekani, kwenye uwanda mpana wa chumvi ambako mashine za kasi hupimwa. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, aliweka rekodi ya dunia katika daraja lake kwa kwenda kilomita 288 kwa saa. Aliweka nyingine mwaka 1966.

Agosti 1967, akiwa na miaka 68 na pikipiki yake ikiwa na miaka 47, alivunja rekodi ya daraja la sentimita za ujazo 1,000 kwa kilomita 295.4 kwa saa. Katika mkondo mmoja wa kufuzu mwaka huo, mashine hiyo ilipita kilomita 305. Haikuwa safari ya salama. Pikipiki iliyumba, upepo ukamng'oa miwani, na ikambidi ailaze chini ili asimame.

Habari yake haikuishia kaburini. Mwaka 2005 filamu ya The World's Fastest Indian, iliyochezwa na Anthony Hopkins, ililitangaza jina lake duniani. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe John aligundua kwamba mahesabu ya mwaka 1967 yalikosewa. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilikubali, na rekodi ikasahihishwa kuwa kilomita 296.2 kwa saa.

Pikipiki yenyewe imehifadhiwa Invercargill, katika duka la vifaa vya ujenzi na ufundi la E Hayes. Anayeitazama haoni kazi ya kiwanda kikubwa wala ya wahandisi wengi. Anaona makopo, mabomba na ekseli ya trekta, pamoja na usiku mwingi wa mtu mmoja ambaye kila injini ilipomharibikia, aliifungua tena.