Nyerere Burito

Nyerere Burito (takriban 1860 – Machi 1942) alikuwa chifu wa Wazanaki wa Butiama, katika Mkoa wa Mara wa leo, kaskazini mwa Tanzania. Alitawala chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, na pia alikuwa hakimu wa watu wake. Wengi wanamfahamu tu kama baba wa Julius Nyerere.

Jina "Nyerere" kwa Kizanaki lina maana ya kiwavi. Alipewa kwa sababu viwavi walikuwa wameivamia nchi alipozaliwa.

Uchifu

Wajerumani walimfanya chifu mwaka 1915. Wazanaki ni kabila dogo, na wakati ule waligawanyika katika uchifu nane. Zamani mambo yao yaliendeshwa zaidi na wazee na marika, tofauti na majirani zao Waikizu wa upande wa Bunda, waliokuwa na mtemi wa mvua. Kwa hiyo madaraka ya Burito yalitegemea serikali ya kikoloni kuliko mila. Waingereza walipokuja walimthibitisha.

Mwaka 1926, wakati wa gavana Donald Cameron, sheria iliwapa machifu mamlaka ya wenyeji: kusimamia kodi ya kichwa na ya nyumba, kutoa amri na kuendesha baraza la hukumu. Kesi za baraza zilikuwa za ng'ombe, mahari, mashamba na makosa madogo. Makosa yenye adhabu ya kifo na mashauri ya Wazungu hayakuwa yake. Kuanzia 1929 rufaa za mabaraza hayo hazikwenda tena Mahakama Kuu, bali kwa maofisa wa utawala hadi kwa gavana. Mtu mmoja alisimamia kodi, akatoa amri, kisha akamhukumu aliyekataa, na aliyeshindwa alikata rufaa kwa mabwana wa chifu huyohuyo. Huo ndio ulikuwa udhaifu mkubwa wa mfumo huo.

Familia

Alikuwa na wake 22. Mke wa tano, Mgaya Nyang'ombe, aliolewa mwaka 1907 na kuzaa watoto wanane, akiwemo Julius Kambarage mwaka 1922. Mwaka 1934 kijana huyo alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Burito alipofariki, shule ilimkatalia mwanawe ruhusa ya kwenda kuzika.

Baada yake

Mwanawe mwingine, Edward Wanzagi, alirithi kiti. Hakikudumu: mwaka 1963 serikali ya Tanganyika, ikiongozwa na Julius, ilifuta mamlaka ya machifu. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na kesi za ng'ombe na mahari zikahamia mahakama za mwanzo, mbele ya hakimu asiyesimamia kodi.

Burito alizikwa Mwitongo, Butiama. Mwaka 1999 Julius alizikwa huko pia.