Stanley Mathenge: Jenerali wa Mau Mau aliyetoweka asipatikane hadi leo

Msafiri anayesimama Kagio asubuhi, malori ya nyanya yakipakiwa kando ya barabara itokayo Sagana kwenda Kutus, huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini iwapo mbingu haina mawingu. Magharibi, mbali zaidi, ni safu ya Nyandarua. Nyuma yake yametanda mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo mifereji yake ilianza kuchimbwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau katika miaka ya hamsini.

Ni katika misitu ya Nyandarua ambamo Jenerali Stanley Mathenge wa Mirugi alikuwa akiongoza wapiganaji wake hadi alipotoweka mwaka wa 1955. Tangu wakati huo hakuna aliyeonyesha mwili wake wala kaburi lake. Serikali ya mkoloni, ambayo ilikuwa hodari wa kuhesabu maiti za maadui wake, haikuwahi kutangaza kwamba imemkamata au kumuua.

Mathenge alizaliwa Nyeri karibu mwaka wa 1919. Hakubahatika kupata masomo ya kutosha, upungufu ambao baadaye ulimgharimu pakubwa. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka aliingia jeshini na kupelekwa Burma pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki kupigana na Wajapani. Huko ndiko wengi wao walikojifunza kuvizia adui msituni, kuishi kwa chakula kidogo na kutembea usiku. Huko pia ndiko walikomwona mzungu akiogopa na akifa kama mtu mwingine yeyote.

Waliporejea nyumbani walikuta maskwota wakifukuzwa katika mashamba ya walowezi, na askari wazungu waliopigana nao bega kwa bega wakigawiwa ardhi. Mathenge alijiunga na vijana wa Kundi la Arobaini, kisha akawa miongoni mwa waliolisha watu kiapo na kuandaa mapambano. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, Mathenge alikuwa mmoja wa viongozi wa mwanzo kuwapanga vijana waliomiminika msituni. Kikosi cha Nyeri kilichokuwa chini yake kilijulikana kama Ituma Ndemi.

Wasomaji wengi leo wanalijua jina la Dedan Kimathi kwanza, na la Mathenge hutajwa baadaye kama mkia. Haikuwa hivyo mwanzoni. Mathenge ndiye aliyekuwa na sifa za askari aliyeiva vitani. Kimathi alikuwa mtu wa kalamu, aliyeandika barua, kuweka kumbukumbu na kupanga vyeo. Katika mkutano wa Mwathe, Agosti 1953, Kimathi ndiye aliyetokea kuwa kiongozi mkuu wa majeshi yote, na Februari mwaka uliofuata likaundwa bunge la msituni lililompa mamlaka makubwa zaidi. Mathenge alijitenga na bunge hilo.

Mgawanyiko huo haukuwa wa watu wawili tu. Upande wa Mathenge, uliojiita Kenya Riigi, ulikusanya viongozi ambao wengi wao hawakusoma. Hao walihisi kwamba waliokwenda shule walikuwa wanajitwalia vyeo na kuwadharau itungati waliobeba mzigo wa vita. Upande wa Kimathi uliwaona hao kuwa watu wasiotaka nidhamu. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini mwanahistoria anayetafuta ukweli hukumbana na tatizo: karatasi za msituni ziliandikwa na makarani wa Kimathi. Kitabu kinachotegemewa sana kuhusu maisha ya ndani ya Nyandarua, alichokitoa Karari Njama pamoja na Donald Barnett mwaka wa 1966, ni cha mtu aliyekuwa mwandishi wa Kimathi. Mathenge hakuacha maandishi ya kujitetea. Tunamwona kupitia macho ya wapinzani wake, na kupitia ya maafisa wa kikoloni waliokuwa wakimwinda.

Kilele cha ugomvi kilifika mapema mwaka wa 1955. Januari mwaka huo serikali ilitoa msamaha kwa wapiganaji ambao wangejisalimisha, na kundi la Mathenge likaanza kuzungumza na maafisa wake. Kimathi alichukulia mazungumzo hayo kuwa usaliti, akaamuru Mathenge na wenzake wakamatwe na itungati wake. Walitoroka. Mwezi wa Mei mazungumzo yalivunjika, na Julai msamaha ukaondolewa.

Baada ya hapo habari zake zinakatika.

Simulizi inayopendwa zaidi husema aliondoka na kundi la wafuasi wake kuelekea kaskazini, wakakusudia kufika Ethiopia kwa Mfalme Haile Selassie kuomba silaha. Simulizi hii ina mvuto wake, kwa kuwa Ethiopia ilikuwa dola la Waafrika wenyewe. Hata hivyo, kutoka Nyandarua hadi Moyale ni zaidi ya kilomita 500, sehemu kubwa ikiwa nchi kame isiyo na msitu wa kujificha, katika eneo ambalo mkoloni hakuruhusu mtu kuingia bila kibali. Na kama alifika, kwa nini hakurudi? Desemba 1963 wapiganaji waliosalia walitoka msituni, wengine wakikusanyika uwanjani Ruring'u mjini Nyeri kukabidhi silaha zao. Mathenge hakuonekana. Wapo wanaoamini kwamba alifia njiani au aliuawa msituni mwaka huohuo wa 1955.

Kimya hicho kilivunjwa kwa kishindo mwaka wa 2003. Serikali ya NARC ya Rais Mwai Kibaki, mwenyewe mwana wa Nyeri, ilikuwa na miezi mitano tu madarakani, na ilitaka kuwaenzi mashujaa waliosahauliwa. Mwanahabari mmoja alikuwa amedai kwamba Mathenge yu hai Ethiopia. Mwishoni mwa Mei, sherehe za Madaraka zikikaribia, mkulima mzee aliyeitwa Lemma Ayanu aliletwa Nairobi kwa ndege pamoja na jamaa zake, akapokewa kama mgeni wa serikali.

Mzee huyo hakuzungumza Kikuyu. Alihitaji mkalimani wa Kiamhari. Wenye kutaka kuamini walisema miaka 48 ugenini inatosha kumsahaulisha mtu lugha ya mama, na magazeti, nasema hili nikiwa mtu wa chumba cha habari, hayakuwa mepesi wa kutilia shaka. Neno dogo kama vile "inadaiwa" huchukua nafasi katika kichwa cha habari, na huwa la kwanza kufutwa. Uchunguzi wa DNA uliofanywa kwa kulinganisha chembechembe zake na za familia ya Mathenge ulibainisha kwamba hakuwa yeye. Ayanu alirudi kwao Ethiopia. Hakuwa ameomba kuwa shujaa wa mtu yeyote.

Serikali iliona aibu, ikapita. Familia ndiyo iliyobaki na maumivu, maana ilikuwa imeambiwa mbele ya kamera za dunia kwamba baba amerudi. Kisheria jambo ni jepesi: sheria ya ushahidi ya Kenya humhesabu kuwa amekufa mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia. Kwa hesabu hiyo Mathenge alikufa kabla Kenya haijapata uhuru. Lakini hesabu hiyo haiwapi jamaa mahali pa kusimama na kumwaga udongo.

Mwaka huohuo wa 2003 marufuku dhidi ya Mau Mau iliyowekwa 1950 iliondolewa. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007, na mwaka wa 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia wahanga wa mateso 5,228. Mukami, mjane wa Kimathi, alifariki Mei 2023 bila kuyapata mabaki ya mumewe, aliyenyongwa Februari 18, 1957. Angalau yeye alijua ni wapi pa kudai, ndani ya kuta za gereza la Kamiti. Kwa Mathenge, eneo la kutafuta linaanzia Nyandarua na kuishia ng'ambo ya mpaka wa Moyale.