Johann Ludwig Krapf: Tabia Iliyojengwa Njiani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Petro 1:5–8, Wagalatia 5:22–26, Mwanzo 50:15–21, Wafilipi 2:3–8, 1 Petro 3:15, 16, 2 Wakorintho 4:7–10, Waebrania 11:13, 39, 40.

Fungu la kukariri: Wagalatia 5:22, 23.

Ukisimama Bungu asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka, unaona milima ya Usambara imepangana ng'ambo hii na ile. Mwaka 1848 Mzungu mmoja alipanda milima hii kwa miguu, akafika kwa mfalme wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai. Hakuwa mfanyabiashara wala askari. Alikuwa mmishonari, jina lake Johann Ludwig Krapf.

Watu wengi wanamkumbuka kwa kamusi yake ya Kiswahili, au kwa sababu alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuuona Mlima Kenya. Juma hili hatutazami hayo sana. Tunataka kujua tabia yake ilijengwaje. Mtume Petro anatufundisha kwamba imani huongezewa wema, na wema huongezewa maarifa, kisha kiasi, saburi, na kuendelea. Ni ngazi inayopandwa hatua kwa hatua, na kila hatua hupandwa siku ya kawaida: shambani, sokoni, nyumbani kwa mgonjwa.

Krapf hakuwa Mwadventista. Alilelewa katika Ulutheri huko Ujerumani, na huku Afrika Mashariki alitumwa na Chama cha Umishonari cha Kanisa la Uingereza. Hata hivyo Mungu hutumia chombo alichokiona kinafaa, nasi twaweza kujifunza kwake, kwa mazuri yake na kwa mapungufu yake.

JUMAPILI
Kipigo kisicho haki

Soma Mwanzo 50:15–21.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kama 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Jirani yule alidhani amemkamata mtoto mwingine. Kipigo kile kilimlaza kitandani karibu nusu mwaka.

Hapa ndipo watoto wengi wangejifunza chuki. Krapf alijifunza kusoma Biblia. Katika miezi ile ya kulala chali, Maandiko yakawa rafiki yake, na moyo wake ukaanza kuelekea kwa Mungu. Ugonjwa ule ndio uliofungua njia ya yeye kupelekwa shule ya mjini, na huko, alipotazama ramani ya Afrika na kuona sehemu kubwa zisizo na majina, shauku ya nchi za mbali ikamwingia.

Yusufu naye alitendewa mabaya asiyostahili. Hakusema kwamba ubaya ule ulikuwa wema. Alichosema ni kwamba Mungu ana uwezo wa kuugeuza. Kusamehe hakumaanishi kusema hukuumizwa. Kusamehe ni kukataa kumruhusu aliyekuumiza aendelee kukuongoza maisha yako.

Je, kuna jirani, ndugu, au mshiriki mwenzako aliyekuhukumu kwa kosa usilolitenda? Umeufanyia nini muda ule wa kulala na kidonda chako?

JUMATATU
Kaburi upande wa bara

Soma Ayubu 1:20–22 na Yohana 12:24.

Baada ya masomo huko Basel, Krapf alikwenda Ethiopia mwaka 1837. Alifanya kazi huko miaka kadhaa, kisha akazuiwa kurudi. Alikuwa ameoa mke, Rosine Dietrich. Wakiwa safarini jangwani mwaka 1843 alizaliwa kwao binti, akafa muda mfupi baadaye. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, Krapf aligeukia pwani ya Waswahili. Alifika Unguja mapema mwaka 1844, na Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha. Mwezi Mei wakahamia Mombasa. Mwezi Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu. Alikufa, na siku chache baadaye yule mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi kwa homa.

Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ili wapitao njia walione kaburi lake na kukumbuka kilichowaleta. Ndivyo ilivyokuwa.

Tufikiri vizuri hapa. Krapf alikuwa na kila sababu ya kupanda jahazi na kurudi kwao. Hakuwa amembatiza hata mtu mmoja, na hakuwa na mwenzake wa kazi. Hakurudi. Tusiseme kwamba hakulia, maana mtu aliyempa bintiye jina la chozi alijua kulia. Lakini alilia akiwa amebaki kazini. Imani haikukausha machozi yake. Ilimfanya awe na mahali pa kuyapeleka.

Hapa kwetu msiba ukitokea tunakwenda, tunakaa, tunachanga. Ni vyema. Je, wiki ya tatu, wageni wakishaondoka, nani anarudi kumjulia hali mfiwa?

JUMANNE
Mmishonari anayefundishwa

Soma Wafilipi 2:3–8.

Mwezi Juni 1844, kabla ya msiba ule, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa, msomi Mwislamu. Itazame picha hiyo: mtu aliyekuja kufundisha amekaa chini anafundishwa na mtu wa dini nyingine. Hakujua lugha, akakiri kwamba hajui, akauliza.

Tarehe 10 Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann. Mwezi Agosti wakahamia Rabai, baada ya wazee wa pale kuwakubalia. Walipanda kilima kile wote wawili wakiwa na homa, huku wana punda mmoja tu. Kisha wakaanza kujenga nyumba kwa mikono yao.

Kutokana na unyenyekevu huo wa kuuliza neno moja moja yalitoka matunda ambayo sisi tunayala hadi leo. Mwaka 1850 kilichapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kila msomaji wa lesoni hii kwa Kiswahili anadaiwa kidogo na wale waliokaa pamoja Mombasa na Rabai wakitafuta neno linalofaa, akiwemo yule kadhi.

Wako wazee wa kanisa wasiokubali kuelekezwa na kijana. Yuko mwalimu wa Shule ya Sabato ambaye swali likimshinda hukasirika. Unyenyekevu ni kusema: hili silijui, tutafute pamoja. Mara ya mwisho ulisema hivyo lini mbele ya kundi lako?

JUMATANO
Kwa Kimweri

Soma 1 Petro 3:15, 16.

Mwezi Julai 1848 Krapf alianza safari ya kuja Usambara. Kiongozi wake wa njia alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua nchi za bara. Kimweri alikuwa mfalme wa ukoo wa Wakilindi, wana wa Mbegha, na makao yake makuu yalikuwa Vuga. Watu walimwita Simba Mwene. Amri yake ilifika mbali, hata karibu na pwani, na Krapf aliona kwamba katika nchi yake msafiri hupita kwa amani.

Mgeni hakuingia kwa mfalme kama anavyoingia sokoni. Palikuwa na wakubwa wa kupitia kwao, na palikuwa na kusubiri. Krapf alifuata desturi ya nchi. Alimweleza mfalme kwamba hakuja kutafuta mali, amekuja kwa ajili ya kufundisha Neno la Mungu. Kimweri alimpokea vyema. Mwaka 1852 Krapf alirudi tena, safari hii kwa njia ya Pangani, na mfalme akakubali walimu wapewe mahali pa kukaa.

Angalia kilichofungua mlango. Krapf hakuwa na bunduki nyingi wala zawadi kubwa kuliko za wafanyabiashara. Alikuwa na heshima na ukweli: alisema kilichomleta, akangoja ajibiwe. Petro anaagiza kwamba tumaini letu tulieleze kwa upole. Kuna watu ambao wanasema kweli tupu, lakini kwa namna inayomfanya jirani afunge dirisha.

Sisi tunaishi na majirani Walutheri, Waanglikana na Waislamu. Tunachota maji pamoja, tunazikana. Wanatujua kwa siku tunayopumzika. Je, wanatujua pia kwa upole? Jirani akiona kibarua wako anavyolipwa jioni, au mizani yako inavyosimama sokoni, anajifunza nini kuhusu Sabato yako?

ALHAMISI
Hazina katika chombo cha udongo

Soma 2 Wakorintho 4:7–10 na Zekaria 4:10.

Biblia haifichi makosa ya watu wa Mungu, nasi tusifiche ya Krapf. Alikuwa mwepesi wa kuhukumu. Katika maandishi yake aliandika maneno makali juu ya desturi za watu ambao walimpa chakula na malazi. Tena alipenda mipango mikubwa. Aliota mlolongo wa vituo vya injili kutoka Mombasa hadi Afrika ya Magharibi. Wenzake, Rebmann na Erhardt, hawakuwa na nia moja naye katika jambo hilo. Wao waliona heri kukaa mahali pamoja na kulima kwa subira. Tofauti ile iliwaumiza wote.

Mwaka 1851 Krapf alisafiri Ukambani mara ya pili, akiongozana na Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Karibu na mto Tana walivamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake porini. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akatembea usiku akijificha mchana. Aliporudi kwa ndugu za Kivoi, walimlaumu kwa kifo kile, ikambidi atoroke tena. Rabai walikwisha kudhani amekufa.

Mwaka huohuo wa 1851, Rabai, alibatizwa mtu mmoja. Aliitwa Mringe. Alikuwa kiwete, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Yeye ndiye mzao wa kwanza wa miaka ile yote saba. Mipango mikubwa ya Krapf ilibaki karatasini, lakini mlemavu mmoja, ambaye wengi walimpita, alimpata Yesu kwa sababu kuna mtu alikaa naye akazungumza naye.

Tusidharau siku ya mambo madogo. Yawezekana kazi yako kuu mwaka huu si mkutano mkubwa unaoupanga, bali yule mgonjwa mmoja anayekaa kibarazani kila siku unapopita.

IJUMAA
Kumaliza kwa magoti

Kujifunza zaidi: soma Waebrania 11:13, 39, 40 na 1 Wathesalonike 4:13–18.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimlazimu kurudi Ulaya. Usambara hakuona kituo kilichojengwa. Baada ya Kimweri kufa, nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wamishonari waliokuja kukaa walikuja baadaye: Walutheri walianza Mlalo mwaka 1891, na Waadventista wa kwanza walifika ng'ambo, katika milima ya Upare, mwaka 1903. Krapf alipanda asipovuna.

Hata hivyo hakukaa bure. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Kisha akaishi Korntal, karibu na Stuttgart, akiandika kamusi yake.

Na Rebmann je? Yule mwenzake ambaye hawakukubaliana alibaki Afrika miaka 29, hadi akawa kipofu. Aliporudi Ujerumani mwaka 1875, akiwa hana nguvu wala macho, alikwenda kukaa Korntal, karibu na Krapf. Wazee hao wawili, waliopanda kilima cha Rabai kwa zamu ya punda mmoja, wakawa majirani tena. Rebmann alifariki mwaka 1876. Labda huu ndio ushahidi mkubwa wa tabia ya Kikristo katika maisha yote ya Krapf: tofauti ya kazi haikuua udugu.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kuomba. Magoti yale hayakuanza kupigwa usiku ule. Mtu hufa kama alivyozoea kuishi. Sasa amelala akingoja asubuhi ya ufufuo, sawa na Rosine kule upande wa bara, na Mringe kule Rabai.

Maswali ya kujadili

1. Katika ngazi ya 2 Petro 1:5–7, ni hatua ipi ilimgharimu Krapf zaidi? Ni ipi inakugharimu wewe, na inaonekana wapi zaidi: nyumbani, shambani au kanisani?

2. Krapf alifundishwa lugha na kadhi, na akaongozwa njia na Bwana Kheri. Sisi tumejifunza nini kwa majirani zetu wasio wa imani yetu? Je, tumewahi kuwaambia asante?

3. Je, katika kundi lenu wako ndugu wawili waliotofautiana juu ya kazi ya Mungu hadi wakaacha kusalimiana? Bila kutaja majina, jadilini hatua moja ambayo kundi linaweza kuichukua kabla ya Sabato ijayo.

4. Ingekuwa leo usiku ndio mwisho wa safari yako, wangekukuta katika hali gani? Ombeni wawili wawili juu ya jambo hilo kabla ya kufunga somo.