Fundi Konde na Wasimamizi Wake

Soko la Burma, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, limebeba jina la nchi ya mbali ambako maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa vitani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1924. Yeye alitiwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la KAR. Huko msimamizi wa mwanamuziki alikuwa afisa: msanii alipiga gitaa alipoamriwa, na ujira wake ulikuwa mshahara wa askari.

Baada ya vita, Konde alirekodi jijini Nairobi chini ya Peter Colmore, Mwingereza aliyetayarisha santuri za HMV. Amri ya kijeshi ilikuwa imekwisha, lakini mamlaka hayakuhamia kwa msanii. Colmore alikusanya wanamuziki, akawatafutia studio, na kuwatumia pia katika matangazo ya biashara. Alikuwa mwajiri, mtayarishaji na wakala kwa wakati mmoja. Kwa desturi ya siku hizo, mwanamuziki alilipwa mara moja tu kwa kazi ya kurekodi, na haki za santuri zikabaki kwa kampuni.

Hata hivyo, haifai kumwona Colmore kama mnyonyaji tu. Katika miaka hiyo Konde alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake, zikiwemo Tausi na Majengo Siendi Tena, zikahifadhiwa. Bila mtaji wa msimamizi huyo, huenda zingepotea pamoja na ngoma zilizochezwa usiku wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa na studio yake yenyewe jijini Nairobi, ilimshirikisha mzee Konde kurekodi upya baadhi ya nyimbo zake. Safari hii walioshika mitambo walikuwa wasanii wenzake, tena wenyeji wa Pwani kama yeye.

Konde alifariki mwaka 2000. Maisha yake yanaonyesha meneja akibadilika kutoka mkuu wa kikosi hadi mwajiri, kisha nafasi yake ikichukuliwa na wasanii wenyewe. Sifa alizipata mapema. Sauti katika kazi yake mwenyewe ilimfikia uzeeni.